Ni Nani Hayuko Leo?

Maandiko ya kusoma nyumbani: Luka 15:1–7, Matendo 6:1–7, Kutoka 18:13–26



Jumapili iliyopita ibada ya kwanza ilichelewa kumalizika, watu wa ibada ya pili wakawa wanangoja nje juani, nami nikalazimika kufupisha. Baadaye wengi wenu mlinishika mkono pale mlangoni mkiuliza, "Pasta, sasa yule mama iliishaje?" Baba Mchungaji akaniambia niandike yote hapa kwa utulivu. Basi hii ndiyo habari yenyewe, pamoja na ile sehemu niliyoiruka madhabahuni kwa sababu inaniaibisha.

Wengi mnajua kwamba kabla ya kuitwa kwenye huduma nilisomea biashara. Nilipokuja hapa kama mchungaji msaidizi, nilikuja na Biblia na laptopu, na wacha niseme ukweli, mwaka ule wa kwanza laptopu ilifunguliwa zaidi. Kila Jumapili wapokeaji walihesabu watu benchi kwa benchi, shemasi akaniletea karatasi, na jioni nikaingiza kwenye jedwali: wanaume, wanawake, vijana, watoto, wageni, sadaka. Baada ya miezi kadhaa nikachora grafu. Ilikuwa inapanda vizuri. Nikaipeleka mbele ya baraza la wazee, wazee wakasema amina. Mzee mmoja tu ndiye aliyeuliza, "Mchungaji, hawa walioongezeka ni akina nani?" Nikamjibu, "Ni 80, mzee." Akanitazama kidogo, hakuuliza tena.

Wiki hiyohiyo nilikwenda Mikindani. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa amepanga chumba kipya, akataka tukiombee. Ni nyumba ya Kiswahili, vyumba vinatazamana, ukumbi katikati, choo uani. Tulipomaliza kuomba nikakaa barazani kuvaa viatu. Mama mmoja wa Kiislamu, wa umri wa mama yangu, akatoka na bakuli la uji mkononi.

Nikamwambia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si wa lile kanisa la mabati ya bluu?"

Nikasema ndiyo, tena kwa furaha, nikidhani aliniona kwenye mkutano wa injili. Akasema, "Basi afadhali mmekuja. Mwenzenu yuko humu ndani. Uji huu ni wake."

Humo ndani alikuwa amelala mama ambaye nyinyi nyote mnamjua kwa sura. Ndiye aliyekuwa akikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, kwa sababu anauza mboga na alikuwa akitoka kabla ya matangazo ili awahi wateja. Alikuwa ameteleza bafuni, akavunjika mfupa wa paja, akalazwa, akatolewa. Siku ile ilikuwa wiki ya 9 tangu akanyage kanisani. Aliyekuwa akimwogesha ni yule jirani. Aliyempeleka kliniki kwa tuktuk ni mwana wa yule jirani. Sisi watakatifu tulikuwa na kesha mbili na semina moja ya ndoa katika hizo wiki 9.

Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikawa natafuta maneno. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Pasta, kwani kanisa lilihama?"

Usiku ule nilifungua jedwali langu nikatafuta Jumapili ya kwanza ambayo hakuwepo. Siku hiyo tuliandika watu 311. Wiki iliyotangulia tulikuwa 304. Kwa hesabu zangu mimi, wiki ambayo mama huyu alivunjika paja, kanisa lilikua kwa watu 7.

Sasa, wapo wapendwa ambao wakisikia habari kama hii husema, "Si ndiyo hiyo! Kuhesabu watu ni mambo ya mwili. Daudi alihesabu, Mungu akampiga." Nimeisoma tena 2 Samweli 24 kwa makini. Yoabu alizunguka nchi nzima miezi 9 na siku 20, akarudi na hesabu: 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda. Lakini aliwahesabu akina nani? Wanaume wa kushika upanga. Wajane hawakuwemo, wala watoto, wala wagonjwa. Daudi alitaka kujua ana nguvu kiasi gani. Nikijitazama, grafu yangu na ile hesabu ya Yoabu ni ndugu.

Halafu ufungue Luka 15. Mtu ana kondoo 100, mmoja amepotea. Huyu mtu alijuaje? Hakuna malaika aliyemwambia. Alijua kwa sababu jioni alihesabu. Kwa hiyo Bwana Yesu hapingi hesabu. Tena hesabu peke yake ingemwambia tu kwamba amepungukiwa na mmoja. Kujua ni yupi kunahitaji uwajue wote. Babu yangu kule bara alifuga mbuzi, na sikuwahi kumsikia akisema "ni 23." Alikuwa anasimama mlangoni mwa zizi jua likizama, mbuzi wanapita miguuni mwake, kisha anasema, "Yule mwenye doa hajaingia." Anachukua fimbo, anaondoka, na chakula chake kinapoa.

Basi zoea ninalotamani tulijenge katika kanisa hili ni moja tu: kila Jumapili kabla hatujauliza tumekuwa wangapi, tuulize ni nani hayuko. Mazoea mengine tunayofundishwa, ushirika wa nyumbani, kutembeleana, kula pamoja, uwazi wa fedha, naona yote yanashikana na hilo. Kanisa linaweza kuwa na mahubiri ya moto na vyombo vipya vya muziki, na bado likawa kama stendi ya matatu. Watu wanaingia, watu wanatoka, gari linajaa kila siku, na hakuna anayemuulizia abiria wa jana.

Msinielewe vibaya. Bila Roho Mtakatifu hakuna kanisa, kuna mkusanyiko tu. Lakini tazameni alivyofanya kazi Roho huyohuyo pale Yerusalemu. Matendo 2 inatupa watu kama 3,000 kwa siku moja. Sura ya 4, wanaume peke yao wanafika kama 5,000. Kisha sura ya 6 inaanza kwa kusema wanafunzi walizidi kuongezeka, na katika aya hiyohiyo ya kwanza kuna manung'uniko. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Kwa hiyo hata kanisa lenye ndimi za moto na mitume walioishi na Yesu lilisahau wajane! Lilisahau kwa sababu lilikuwa linakua, na halikuwa na mtu wa kushika orodha.

Napenda vile mitume walivyolichukua jambo hilo. Hawakuwaambia walalamikaji kwamba wana roho ya manung'uniko. Hawakutangaza mfungo ili shida iondoke yenyewe. Waliita mkutano wote, wakasema chagueni watu 7 wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Kwa kazi gani? Ya meza. Ukisoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Yaani upande uliosahauliwa ndio uliokabidhiwa meza. Halafu aya ya 7: neno la Mungu likaenea, hesabu ya wanafunzi ikazidi sana, hata makuhani wengi wakaamini. Miaka yote nilikuwa naihubiri aya ya 7 bila aya ya 1.

Baada ya siku ile ya Mikindani nilianza kutafuta jinsi waliotutangulia walivyolifanya hili kwa vitendo. Habari iliyonishika zaidi inatoka Uingereza, mji wa Bristol, mwaka 1742, nayo ilianza na deni. (Hapo wahasibu wa kanisa wataamka.) Watu wa John Wesley walikuwa wamejenga nyumba ya ibada mwaka 1739, na deni la ujenzi lilikuwa halijaisha. Wakakutana Februari 15 kujadili watalilipaje. Kapteni mmoja aliyeitwa Foy akasema kila mtu atoe peni moja kwa wiki hadi deni liishe. Mwingine akasema wengi ni maskini, hawataweza. Foy akajibu hivi: nipeni mimi 11 walio maskini kuliko wote, nitawapitia kila wiki, anayeweza kutoa atoe, asiyeweza nitamlipia mwenyewe, na kila mmoja wenu achukue 11 wa jirani yake afanye vivyo hivyo.

Wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakichukua peni. Na unapopita nyumba ya mtu kila wiki, unaona. Huyu anakunywa pombe, hawa wawili hawasemezani, huyu mtoto ni mgonjwa. Wale wakusanyaji wakarudi kwa Wesley na peni pamoja na habari za nyumbani. Wesley akatambua kwamba hiki ndicho alichokuwa anakikosa siku zote, njia ya kuwaangalia watu walioamini baada ya mahubiri kwisha. Ile mipango ya kulipa deni ikageuka kuwa vikundi vya watu kama 12 vinavyokutana kila wiki, na Wamethodisti wakavipeleka kila walikokwenda.

Nimelifikiria sana jambo hilo kama mtu wa biashara. Ile peni ilikuwa ndogo, lakini ilimlazimisha mtu atembee hadi mlangoni kwa mwenzake. Sisi leo sadaka inaingia kwa M-Pesa mtu akiwa kitandani. Ni baraka, siwezi kusema vingine. Ripoti ya fedha inatoka safi kuliko zamani. Ila simu imetupa pesa bila uso.

Mweka hazina wetu aliwahi kuniambia, "Pasta, si uangalie tu orodha ya M-Pesa? Aliyeacha kutoa ndiye aliyeacha kuja." Kwa akili ya darasani ni wazo zuri sana, tena halina gharama. Nililikataa, na baraza likakubaliana nami. Fikiria umepoteza kazi, huna hata nauli, halafu mchungaji anabisha hodi wiki ya tatu baada ya fungu la kumi kukoma. Hata akija na sukari na maombi, wewe utasikia nini? Utasikia mdai. Orodha ya matoleo ikae kwa mweka hazina na wakaguzi. Sisi tuwatafute watu kwa sura.

Swali linalokuja mara moja ni: nani atawatafuta? Baba Mchungaji ni mmoja, sisi wasaidizi ni wawili, na nyinyi ni mia tatu na zaidi. Yethro, mkwewe Musa, aliliona hilo siku moja tu ya ugeni wake. Musa alikaa kuamua mashauri toka asubuhi hadi jioni, watu wamejaa. Yethro akamwambia jambo hilo si zuri, atachoka yeye na watu wachoke pamoja naye. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, na wa kumi. Mara nyingi tunazungumzia wakuu wa maelfu kwa sababu ndio wenye viti vya mbele. Mimi nimewapenda wale wa kumi. Mtu mwenye watu kumi anajua nani ana kikohozi.

Sura hiyohiyo ndiyo iliyomsaidia Yonggi Cho wa Korea Kusini. Mwaka 1964 alianguka kwa uchovu akiwa anabatiza, kwa sababu alitaka kufanya kila kitu mwenyewe. Akiwa mgonjwa akaugawa mji wa Seoul kwa maeneo ili waumini wakutane majumbani. Wanaume hawakuwa na moyo na mpango huo. Waliobeba kazi ni wanawake, katika nchi na wakati ambao mwanamke kuongoza lilikuwa jambo gumu kukubalika. Kanisa lile lilikuja kutajwa kuwa kubwa kuliko yote duniani. Nataja hili kwa faida ya ndugu zangu wanaume wanaosema ushirika wa nyumbani ni mambo ya akina mama. Na kwa haki niseme na sehemu ya pili: mwaka 2014 mahakama ya Seoul ilimtia mchungaji huyohuyo hatiani kwa kulisababishia kanisa lake hasara ya fedha. Kumbe mtu anaweza kuwa na mazoea mazuri ya kutunza watu na akakosa zoea la kuweka vitabu wazi. Paulo, akipeleka mchango Yerusalemu, hakukubali kuubeba peke yake. Soma 2 Wakorintho 8:16–21. Ndiyo maana ripoti yetu ya fedha hubandikwa ukutani kila robo mwaka, na tafadhali muisome, msipite tu.

Sasa niwaambie tulivyofanya hapa kwetu, na tulivyokosea. Tulianza na mitaa minne, kila kiongozi watu 12 na daftari la shilingi 50. Jumapili jioni kiongozi anaweka alama kwa ambaye hakumwona. Jumatatu anapiga simu. Wiki ya pili haendi simu, inaenda miguu. Hilo la miguu tulijifunza kwa makosa, kwa sababu kwenye simu kila Mkristo ni mzima. "Niko salama kabisa, Bwana asifiwe," na huku yuko gizani, stima imekatwa.

Kosa la pili lilikuwa chakula. Kukutana nyumbani kulianza na chai. Mwezi wa pili kukawa na chapati. Mwezi wa tatu dada mmoja akapika biriani, watu wakamsifu mpaka kwenye kundi la WhatsApp, na baada ya hapo wenye chumba kimoja wakaanza kusema wiki hii hawatakuwepo nyumbani. Tukagundua tumewafukuza kwa sahani. Sasa kanuni ni chai ya rangi na mahamri, basi. Mwenye nacho zaidi ampelekee mgonjwa.

La tatu ni gumu zaidi. Tulipowafuata wale waliopotea tulitarajia kukuta watu waliorudi nyuma kiroho, tukawa tumejiandaa kukemea. Wengi tuliwakuta wana deni. Dada mmoja alikuwa amepokea zamu yake ya chama, mtaji ukaharibika, akashindwa kuwalipa wenzake, na wenzake ni wanane wanaokaa benchi la mbele yake. Mtu kama huyo anajua Yesu anampenda. Anachoshindwa ni kupita mbele ya yale macho 16. Tulimkalisha na wale wenzake kwa utaratibu wa Mathayo 18, kwanza wawili faraghani, kisha pamoja na mashahidi, wakakubaliana alipe shilingi 200 kwa wiki. Alirudi kanisani kabla hajamaliza kulipa. Tangu hapo tumesema chama kiwe chama na ushirika uwe ushirika. Msikusanye mzunguko pale mnapofungua Biblia.

Si wote waliorudi. Kijana mmoja alinifungulia mlango vizuri, akanitumia mtoto dukani aniletee soda, akasema, "Pasta, nakuheshimu, lakini mimi sirudi. Msinipigie tena." Nikamuuliza kama tulimkosea. Akasema hataki kulizungumza. Nilimshukuru, nikanywa soda yangu, nikaondoka. Hatumpigii, kwa sababu amesema. Jina lake bado liko kwenye daftari la kiongozi wake, na kila Jumatano linatajwa katika maombi.

Kuna kundi lingine ambalo linanisumbua hata ninapoandika. Mwaka 2020 makanisa yalifungwa mwezi wa Machi. Yalipofunguliwa Julai, masharti yalikuwa watu 100, saa moja, na wenye zaidi ya miaka 58 wasije. Tukawaambia wazee wetu wakae nyumbani, na tulifanya vyema, kwa kuwalinda. Masharti yalipoondolewa tulitangaza madhabahuni kwamba sasa wote waje. Lakini tulimtangazia nani? Waliokuwa ndani. Nimewauliza wazee wa baraza kama kuna aliyekwenda mlangoni kwa wale wazee kuwaambia, "Rudini, tunawangoja." Tulitazamana tu. Baadhi yao wamekwisha kulala. Walio hai, tumeanza kuwapitia mwezi huu, na ninaomba wenye magari mjitokeze, maana miguu ya wengine sasa haipandi matatu.

Na Desemba inakuja. Hapa Mombasa nusu ya kanisa hupanda basi kwenda bara, na Januari tunasema "watu hawajarudi" kwa kukadiria. Mwaka huu kila kiongozi ajue nani amesafiri, nani amebaki peke yake chumbani Krismasi kwa kukosa nauli. Huyo wa pili alikuwa hatajwi kabisa.

Sasa yule mama. Tulianza zamu kesho yake: dada wawili asubuhi, kijana mmoja jioni wa kuteka maji. Yule jirani wa Kiislamu tulimpelekea unga na mchele kwa shukrani. Alipokea kwa adabu, akatupa chai, na tulipoanza hotuba ya kumshukuru akatukatiza, "Uji wa jirani haulipwi, wanangu." Hadi leo ukifika pale ndiye anayekukaribisha kwanza.

Mama alirudi kanisani mwezi wa tano, na mkongojo. Tulimpa kiti cha mbele, akakataa, akarudi palepale karibu na mlango. Tulipokuwa tunatafuta viongozi wa mitaa, jina lake lilitajwa na watu watatu tofauti. Mimi, kwa ile elimu yangu, nilisita, kwa sababu hajui kusoma wala kuandika, na daftari angelijazaje? Akaniambia hahitaji daftari. Watu wake 12 amewapanga kichwani kwa kufuata njia yake ya kwenda sokoni: wa kwanza anakaa karibu na kinyozi, wa pili kwenye mti wa mkwaju, wa tatu nyuma ya posho mill, hivyo mpaka sokoni. Kila alfajiri anapopita na beseni lake anawaombea kwa mpangilio huo, na mlango usiofunguka anaugonga.

Mwezi uliopita alinipigia Jumatatu usiku. Nilidhani anataka kuripoti. Akasema, "Pasta, Mama Mchungaji sikumwona jana." Mke wangu alikuwa na malaria tangu Ijumaa. Nilikuwa nimehubiri ibada zote mbili siku hiyo, nimesalimia watu mlangoni, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote, wala hakuna aliyekuwa ameniuliza. Saa 3 usiku mama akafika nyumbani kwetu kwa bodaboda, amebeba mchicha na ndimu.

Jumatano hii ushirika ni saa 12 jioni katika kila mtaa. Someni Matendo 6:1–7 kwa sauti, kisha zungumzeni: katika kundi letu, wajane waliosahauliwa leo ni akina nani? Na je, kuna mtu anayeniogopa mimi, kwa deni au kwa neno nililosema, hata akaacha kuja? Kila mmoja aje na jina moja la mtu ambaye hajamwona kanisani, na aseme mara ya mwisho alimwona wapi. Kiongozi aandike, na kabla ya kuagana mpange ni nani anakwenda kwa nani na siku gani. Chai ni ya rangi.